Dawa ya Kinga na Saa Yake



Muhula uliopita wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliona jambo lililowashangaza. Mwalimu wao wa Biolojia, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, aliingia darasani akiwa na jino zima la mbele. Kijana mmoja alisimama, akaomba ruhusa kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, je, jino la mtu mzima likitoka huota tena?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Niliwajibu kwamba haliotі tena, bali nimepandikizwa jingine hospitalini. Jibu hilo liliwafurahisha. Lakini nilipowaambia kwamba kwa kazi ile yote ya kutoboa mfupa wa taya nilimeza antibayotiki mara moja tu, tena kabla ya kazi na si baada yake, hawakuniamini. Wengine walinong'onezana kwamba labda dawa zilikuwa zimekwisha. Kengele ikalia kabla sijaeleza. Basi niliahidi kuliandika jibu kamili katika gazeti hili, ili wazazi nao walisome, maana jambo lenyewe lahusu nyumba zetu zote. Ndani yake mna kosa langu mimi mwenyewe, nalo sitalificha.

Jino la kupandikizwa ni kitu gani?

Nilianguka na pikipiki katika barabara ya kutoka Iguguno wakati wa mvua, gurudumu lilipoteleza katika tope. Namshukuru Mungu sikuvunjika kiungo, ila jino moja la mbele lilivunjika hata mzizi, ikabidi ling'olewe. Mwalimu asiye na jino la mbele hutamka herufi "f" na "v" kwa shida, na watoto husikia upepo badala ya neno. Nikaamua kutumia akiba yangu, ambayo ilikuwa mauzo ya alizeti ya misimu miwili, kwenda mjini kutengenezwa.

Jino la kupandikizwa lina sehemu tatu. Ya kwanza ni skrubu ndogo ya madini ya titaniamu, ambayo hutiwa ndani ya mfupa wa taya mahali pa mzizi. Ya pili ni kiungo kifupi kinachosimama juu ya skrubu hiyo. Ya tatu ni taji, yaani jino lenyewe linaloonekana. Skrubu hutiwa kwanza, kisha mgonjwa husubiri miezi kadhaa mpaka mfupa uishike sawasawa, ndipo taji liwekwe.

Jambo la mfupa kuishika titaniamu liligunduliwa na mtaalamu wa Sweden aitwaye Per-Ingvar Brånemark. Katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza jinsi mfupa wa sungura unavyopona, akatia vifaa vidogo vya titaniamu ndani yake. Alipotaka kuvitoa vilikataa, kwa kuwa mfupa ulikuwa umeota ukavikumbatia. Mwaka 1965 alimpandikiza mtu wa kwanza, Gösta Larsson, na meno yale yalimtumikia mtu huyo kwa miaka zaidi ya 40.

Lakini kazi hii ina hatari yake. Vijidudu vikiwahi kuikalia skrubu kabla mfupa haujaishika, mfupa hurudi nyuma, skrubu hulegea, na mara nyingi hapana budi kuitoa. Hapo fedha imepotea, na mfupa nao umepungua.

Vidonge vinne

Asubuhi ya siku ya kazi, muuguzi aliniuliza kama nimewahi kuvimba, kuwashwa mwili au kubanwa pumzi baada ya kutumia penisilini. Nikasema la. Daktari naye akaniuliza lile lile, nikajibu vile vile. Maana kwa watu wachache dawa hii huleta madhara makali, na mtu wa namna hiyo hutafutiwa nyingine. Ndipo nikapewa vidonge vinne vya rangi mbili vya amoksilini, kila kimoja miligramu 500, jumla gramu 2. Nikavimeza kwa maji, nikaketi muda wa saa moja. Kisha nikapigwa ganzi na kazi ikaanza.

Nilipomaliza nilipewa dawa ya maumivu na dawa ya kusukutua. Antibayotiki sikupewa tena. Niliambiwa nirudi mara moja nikiona uvimbe unaozidi, usaha au homa.

Niliporudi nyumbani hapa Nduguti, mama yangu alinipokea kwa wasiwasi. Akaufungua mfuko wa dawa, akautazama mara mbili.

"Mwanangu, dozi iko wapi?"

"Mama, dozi nimekwisha imeza kule kule."

"Umetobolewa mfupa, nawe wasema umemeza mara moja? Ngoja nimtume mtoto dukani akuletee vidonge vya siku tano. Usalama ni bora."

Nilimzuia kwa upole. Nikamwuliza, "Mama, uwele ukianza kukomaa, twaenda kuamia ndege saa ngapi?"

Akajibu, "Kabla hakujapambazuka. Ndege wakikutangulia shambani huna kitu."

"Na ukifika saa nne, wakati wamekwisha kula na kuruka, ukapiga kelele mpaka jioni, je, punje zitarudi katika mashuke?"

Mama alinyamaza kidogo, akacheka. Mtoto hakutumwa dukani.

Kwa nini kabla, wala si baada?

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Kinywa cha mtu hakikosi vijidudu hata akipiga mswaki namna gani. Wataalamu wametambua aina zaidi ya 700 za bakteria katika vinywa vya wanadamu. Wengi hawana madhara wakikaa mahali pao. Lakini fizi ikipasuliwa na mfupa ukitobolewa, mlango umefunguliwa, nao huingia.

Wakati huo dawa yatakiwa iwe imekwisha fika ndani ya damu na ndani ya nyama ya mahali pale. Kidonge huyeyuka tumboni, dawa hupenya katika utumbo, ikachukuliwa na damu. Amoksilini iliyomezwa huchukua kama saa moja hadi mbili kufikia kiasi chake cha juu katika damu. Ndiyo sababu humezwa saa moja kabla. Kisu kinapogusa fizi, mlinzi yuko kazini. Na damu inayoganda katika kidonda huganda ikiwa na dawa ndani yake.

Jambo hili halikubuniwa tu, bali lilipimwa. Mwaka 1961 daktari wa Marekani, John Burke, alieleza majaribio yake kwa wanyama wadogo wa maabara waitwao simbilisi. Aliwatia vijidudu ndani ya ngozi, akawapa dawa kwa saa mbalimbali. Waliopewa dawa kabla ya vijidudu, au pamoja navyo, walipata madhara madogo sana. Waliocheleweshewa muda wa saa tatu au zaidi walikuwa sawa na wasiopewa kitu.

Kisha mwaka 1992 ikatolewa habari ya wagonjwa 2,847 waliopasuliwa katika hospitali moja ya mji wa Salt Lake City, Marekani. Kati ya waliopewa dawa katika saa mbili kabla ya kupasuliwa, walioambukizwa kidonda walikuwa 10 kati ya 1,708, yaani asilimia 0.6. Kati ya waliopewa saa tatu au zaidi baada ya kupasuliwa, walikuwa 16 kati ya 488, yaani asilimia 3.3. Na waliopewa mapema mno, zaidi ya saa mbili kabla, walikuwa 14 kati ya 369, yaani asilimia 3.8. Kwa hiyo mlinzi anayewahi mno akachoka kabla ya kazi hafai, naye anayechelewa hafai.

Hesabu ya faida

Je, dawa hii humfaa kila anayepandikizwa jino? Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio sita yenye watu 1,162 na kuyapima pamoja. Waliona kwamba gramu 2 au 3 za amoksilini, zikimezwa mara moja saa moja kabla, hupunguza idadi ya mapandikizi yanayoharibika. Lakini ili kumwokoa mtu mmoja asipoteze pandikizi, yapasa watu 25 wameze dawa. Hebu tulihesabu katika darasa la watu 50. Wote wakipandikizwa na wote wakimeza, wawili ndio watakaookolewa kwa dawa. Waliobaki 48, jambo lao lingekwenda vile vile hata bila dawa. Kwa kuwa dozi ni moja tu, na hasara ya kupoteza pandikizi ni kubwa, wengi waona inafaa.

Na kung'oa jino je? Hapa ndipo wengi hukosea. Hesabu kama hiyo ya mwaka 2021 juu ya kung'oa magego ya mwisho ilionyesha kwamba watu 19 humeza antibayotiki ili mmoja asipate maambukizo. Mwanafunzi mwepesi atasema, "Mwalimu, 19 ni ndogo kuliko 25, basi dawa yafaa zaidi kwa kung'oa." Ni hoja nzuri, lakini haijatazama upande wa pili. Shimo la jino lililong'olewa likiambukizwa, huoshwa na kutibiwa, likapona. Skrubu iliyolegea hairudi. Nao wataalamu wale hawakusema kila anayeng'olewa jino apewe antibayotiki, bali walisema daktari apime kwa kila mgonjwa, kwa kutazama afya yake na hatari yake, kwa kuwa vijidudu sugu vinazidi kuenea. 

Wako watu wa namna ya pekee. Mwenye kilango cha moyo cha bandia, au aliyewahi kuambukizwa utando wa ndani wa moyo, yapasa ajulishe daktari wa meno kabla ya kung'olewa, kwa kuwa vijidudu vya kinywani vyaweza kusafiri kwa damu mpaka moyoni. Huyo hupewa dozi ya kinga saa moja au nusu saa kabla. Mzazi ambaye mtoto wake amepasuliwa moyo asione haya kulisema jambo hilo, hata kama kovu limefichwa na shati.

Kosa langu

Sasa nitasema lile nililoahidi. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijahamia hapa, nilifundisha katika shule nyingine ya bweni. Usiku mmoja nikiwa mwalimu wa zamu, kijana mmoja alinijia akilia kwa gego la chini lililooza. Nilikuwa na pakiti ya amoksilini iliyobaki nilipougua kifua. Nilikuwa sijaimaliza kwa kuwa nilijiona nimepona. Ndani yake mlikuwa na vidonge sita. Nikampa vyote, nikamwambia ameze viwili viwili. Nilijiona mlezi mwema.

Siku ya pili maumivu yalipungua, kijana akacheza mpira. Hakuna aliyempeleka hospitali, maana mwalimu alikwisha mtibu. Siku ya sita uvimbe ulitokea chini ya kidevu, ukashuka shingoni. Ulimi uliinuliwa, mate yakamtoka, hakuweza kumeza hata maji, na pumzi ikawa nzito. Tulimkimbiza hospitali usiku ule ule. Walimpasua chini ya taya wakatoa usaha, wakang'oa gego, akapewa dawa za mshipa kwa siku nyingi. Daktari aliniambia mbele ya baba yake kwamba tungekawia mpaka asubuhi, njia ya pumzi ingeweza kuziba.

Baba yule aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, zile dawa alizipata wapi?" Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza, alinishika mkono tu. Mpaka leo ningeona afadhali angenigombeza.

Wanafunzi wangu, mwaona makosa mangapi hapo? La kwanza, jino lenye usaha halitibiwi kwa vidonge peke yake. Chanzo kimo ndani ya jino, ambamo damu haifiki vizuri. Hapana budi jino lisafishwe au ling'olewe, na usaha utolewe. La pili, dozi ilikuwa pungufu. La tatu, dawa ilituliza dalili kwa siku chache, nasi tukapoteza siku hizo. Vidonge vyangu havikumkinga wala havikumtibu, bali vilitufumba macho.

Wanaobaki hai

Liko na kosa la nne, ambalo halionekani kwa macho. Dawa isiyotosha, au isiyohitajiwa, huua vijidudu vilivyo dhaifu na kuviacha vilivyo sugu. Hivi huzaana, na kwa kuwa bakteria huweza kuongezeka maradufu kwa muda mfupi, kizazi kizima hugeuka kuwa cha wale wasioogopa dawa.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini huko London mwaka 1928, aliliona jambo hili mapema. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitoa mfano wa mtu anayejitibu koo kwa penisilini kidogo isiyotosha. Vijidudu vyake vikawa sugu, vikamwambukiza mkewe, na mke akafa kwa kuwa dawa haikufaa tena. Ulikuwa mfano tu. Lakini hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa ajili ya bakteria sugu.

Msidhani kwamba ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Jirani zetu wa hospitali ya Thika, Kenya, walieleza mwaka 2013 jinsi walivyobadili desturi. Hapo kwanza karibu kila aliyepasuliwa alipewa antibayotiki baada ya kupasuliwa, na wachache sana kabla. Walipoweka kanuni ya kutanguliza dawa na kuacha kuiendeleza bila sababu, matumizi ya dawa za baada yalipungua sana, na vidonda havikuharibika zaidi kwa hilo. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2016, lilishauri kwamba dawa ya kinga itolewe katika dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe baada ya kazi kwisha kwa ajili ya kukinga tu.

Tufanye nini sisi wa Nduguti?

Katika nchi yetu, tangu mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulipoanza Ruvuma mwaka 2003, dawa zimekaribia vijiji. Hiyo ni neema. Lakini ukaribu wa dawa si ruhusa ya kuila kama karanga. Nawaomba tushike mambo haya:

1. Antibayotiki ni dawa ya cheti. Tusiinunue wala kuiuza pasipo shauri la mganga aliyesomea.

2. Tusitunze vidonge vilivyobaki, wala tusimpe mwingine. Tuzitumie kama tulivyoagizwa, kwa kiasi na kwa siku zilizoandikwa.

3. Jino likiuma, twende kwa daktari wa meno mapema. Uvimbe wa shingo, homa, kushindwa kumeza au kufungua mdomo, ni safari ya usiku huo huo.

4. Ukipewa dawa ya kinga mara moja tu kabla ya kazi, usidhani umepunjwa. Uliza sababu kwa adabu, nawe utaelezwa.

5. Baada ya kazi ya kinywani, usafi na kuacha sigara hulinda kidonda kila siku.

Skrubu yangu ilishikwa na mfupa barabara. Taji liliwekwa, na herufi "f" imerudi mahali pake. Yule kijana naye alimaliza shule. Ana kovu dogo chini ya kidevu. Nilipata jino langu kwa vidonge vinne vilivyokuja kwa saa yake, naye nusura apoteze uhai kwa vidonge sita nilivyompa kwa huruma isiyo na elimu. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Nami naongeza kwamba kinga ina saa yake, kiasi chake na mtu wake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini amoksilini ya kinga humezwa saa moja kabla ya kupandikizwa jino?

2. Kama watu 200 wakipandikizwa na wote wakimeza dawa ya kinga, yatazamiwa wangapi waokolewe na hasara kwa sababu ya dawa hiyo? Onyesha njia.

3. Eleza kwa nini hesabu ya 19 kwa kung'oa jino haikuwafanya wataalamu wapendekeze dawa kwa kila mtu.

4. Ndugu yako ana uvimbe wa jino, na nyumbani mna vidonge vitatu vilivyobaki. Mwandikie barua fupi ukimshauri. Majibu bora nitayasoma mstarini muhula ujao.